Moshi Alioutibu Fundi Danson

Ukifika Garsen, pale njia panda mabasi ya Lamu na ya Malindi yanapopishana, ukauliza fundi wa pikipiki, utaonyeshwa vijana saba kwa mpigo. Ila ukimuuliza mtu mzima, atakwambia nenda kwa Danson Buya. Mzee huyu hana karakana ya kupigia picha. Ana kibanda cha makuti kando ya soko la mifugo, ana benchi, ana sanduku la spana, na ana sikio. Hilo sikio ndilo lililomtia kiburi. Pikipiki ikiwa bado iko kule kwa wauza mbuzi, yeye kashasema, "Hiyo valvu zimelegea." Ikifunguliwa, kweli, zimelegea.

Ni Mpokomo wa Hewani. Babake alilima mpunga na migomba ukingoni mwa mto, na mto ulipohama ukaondoka na nusu ya shamba, Danson akaja mjini kuziba pancha za baiskeli. Pikipiki zilipoingia akahamia huko. Amesomesha watoto wanne kwa miiba ya mathenge, ule mti ambao kila mwenye tairi huulaani na yeye peke yake huuombea mvua. Hakwenda chuo. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka mikono ikajua. Na hapo ndipo penye hatari ya mtu wa namna hiyo: alichokifungua anakijua mno, na ambacho hajakifungua hadhani kama kipo.

Sasa, kulikuwa na pikipiki moja Tana River nzima ambayo hakuwahi kuifungua.

Ililetwa na mtafiti mmoja wa Ulaya aliyekuja kuhesabu kima katika msitu wa Hewani. Vitu vyake vilishuka Mombasa ndani ya kontena: mahema, darubini, na kipikipiki cha cc hamsini, cha aina wanayoiita supamotadi. Watu walipokiona walicheka wakashika mbavu. Juu ni pikipiki ya porini, ndefu, nyembamba, kiti kinamfika mtu kiunoni. Chini imevalishwa magurudumu ya lami, inchi kumi na saba mbele na nyuma, tairi pana zisizo na meno. Breki ya mbele ni sahani kubwa ya chuma, ukiigusa kwa kidole kimoja unasimama papo hapo. Ina gia sita, ina rejeta ya maji kama gari, na ekzosi lake lina tumbo. "Hii imevaa suti na malapa," alisema Job, kijana wa Chara anayebeba abiria, naye huyo Job hakosi la kusema.

Mtafiti hakujali. Kwao, alisema, hiyo ni pikipiki ya watoto wa miaka kumi na sita, ya kukatia kona mjini. Aliileta kwa sababu moja: ilikuwa na kilo tisini tu. Watu wawili waliinyanyua wakailaza ndani ya mtumbwi, wakavuka. Mto ukifurika, wengine wote walibaki ng'ambo wamekaa juu ya pikipiki zao nzito wakitazama maji, yeye anapita.

Alipomaliza kuhesabu kima wake, pikipiki hiyo akamwachia Sista Pauline, muuguzi wa zahanati ya Chara, aliyemuuguza malaria mara tatu. Sista Pauline hakuwa mwoga wa chuma. Alikunja sketi juu ya suruali, akapiga kiki, akaondoka. Akajua tabia zake zote: kwamba ukiiendesha polepole inasinzia, haina nguvu ya kumvuta hata kuku, lakini ukiizungusha mpaka ikaanza kupiga kelele ya nyigu, ghafla inazinduka na kukuchomoa. Na juu ya yote akajua habari ya oili.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana mambo yote yako hapa. Pikipiki zetu za kubebea abiria zina oili yake chini ya injini, inazunguka humo humo, haionani na petroli. Ikianza kuchomeka, utaona moshi wa bluu, na kila fundi anajua kwamba hapo ringi zimekwisha, injini inaumwa. Hii ndogo haikuwa hivyo. Injini yake ni ya mipigo miwili. Pistoni ikipanda ikishuka imeshamaliza kazi, haina valvu hata moja, na kinacholainisha pistoni ni oili iliyochanganywa na petroli kabla haijaingia tangini. Chini kuna oili, ndiyo, lakini hiyo ni ya gia tu. Na kwa kuwa oili inachomeka pamoja na petroli, lazima moshi wa bluu utoke. Kwa pikipiki hii, moshi ndio uzima.

Pauline alipima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya mililita mia moja. Chupa moja ya oili, dumu moja la petroli la lita tano. Anatikisa, anamimina. Hakubahatisha hata siku moja. Mtu aliyezoea kupimia watoto dawa habahatishi.

Basi siku moja, sasa ni miaka minne, kabureta ikaziba. Pauline akaileta Garsen ikikohoa, akamwachia Danson, akaenda mkutano wa kazi. Danson alifurahi kama aliyeletewa bibi harusi. Akaizunguka. Akapiga kiki, moshi wa bluu ukajaa kibanda. "Sista wa watu," akasema, "wamemuuzia ugonjwa." Akafungua skrubu ya chini kutazama oili, akaikuta safi, imejaa. Akanusa tangi, akachovya kidole, petroli inateleza, tena ina rangi ya kijani. Akapandisha hasira. Hawa wauza petroli wa chupani wamezidi, wanachanganya mpaka uchafu! Akaimwaga yote mtaroni. Akasafisha kabureta, akasafisha tangi, akatia petroli mpya, safi, kwa pesa yake mwenyewe. Akapiga kiki. Moshi ulitoka kidogo, ukapungua, ukaisha.

Aliipeleka mpaka stendi ili watu waone. "Moshi uko wapi?" aliuliza akijipiga kifua. Watu wakapiga makofi. Pauline aliporudi alisita, akasema, "Mbona haitoi moshi, fundi?"

"Nimeutibu, Sista. Nenda salama."

Fundi ni fundi. Pauline akaondoka. Kilomita kumi na mbili hivi njiani, injini ikizunguka kwa nguvu, pistoni ikavimba kwa joto ikashikana na silinda, gurudumu la nyuma likakwama, na Sista akaburuzwa vumbini mpaka mkono wa kushoto ukachunika. Iliporudishwa kwa mkokoteni, Danson aliifungua akaona pistoni imechanika mistari mistari, kama iliyokwaruzwa na paka. Akatikisa kichwa. "Umeikimbiza mno, mama."

Pauline alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa kitambaa. Alikwisha kufungua tangi kule njiani akaona petroli nyeupe, haina kitu. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapana, fundi. Ni mimi. Nilisahau oili."

"Oili ipo, Sista. Nimeiona mwenyewe."

Pauline akadhani fundi anamfariji. Akaacha.

Mpaka hapo, jamani, nani wa kulaumiwa? Mtu hakujua. Alimwaga dawa akidhani anamwaga uchafu. Kama mambo yangeishia hapo, hata hadithi isingekuwepo.

Ila mwezi wa kumi mwaka ule ule, nahodha mmoja wa Kipini aitwaye Nuhu, fundi wake akiwa safarini, alimletea Danson mashine ya boti. Danson akaitazama plagi, akaifunga, akaenda kuchukua petroli. Nuhu akamshika mkono. "Yakhe, ngoja. Hiyo yataka oili ndani ya petroli. Ukiitia kavu, utaiua kabla sijatoka mlangoni mwa mto." Akatoa kopo lake, oili ya kijani, akachanganya mbele yake. Wakaiwasha kwenye pipa la maji. Moshi wa bluu ukatoka, na Nuhu akatabasamu kuuona.

Danson aliketi. Nuhu alimuuliza kama ni jua. Akasema ni jua.

Siku hiyo alijua. Alijua alichokimwaga mtaroni, na alijua Sista Pauline alikuwa anasema nini pale kwenye benchi. Alikusudia kwenda Chara Jumapili baada ya kanisa. Jumapili ikafika na mvua. Iliyofuata kulikuwa na harambee. Halafu ikawa mwezi, na jambo la mwezi mzima ni zito kulisema kuliko la wiki, na la mwaka ndilo zito zaidi. Angesemaje? Kwamba lile sikio la Garsen nzima halikusikia kitu? Kwamba alipiga ngoma stendi nzima akiwa anaua pikipiki ya watu? Wale vijana saba wangemcheka mpaka wazeeke. Akajiambia, ni chuma tu. Chuma hufa. Sista ni mzima, anapanda pikipiki za akina Job, maisha yanaendelea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Hivyo ndivyo ilivyokaa miaka minne, mpaka mwezi uliopita.

Job alikuja kubadilisha mnyororo. Akiwa amechuchumaa anapiga soga, akasema, "Fundi, umesikia Sista Pauline anaacha kazi?"

"Kastaafu?"

"Wapi! Bado ana miaka mingapi. Anaandika barua mwenyewe. Anasema anasahau, kichwa hakimfai tena. Ati tangu ile nduthi ya mzungu. Anasema mtu aliyesahau oili atasahau na dawa ya mtoto."

Spana ikamtoka Danson mkononi. Job akacheka, "Mzee, na wewe umeanza kusahau?" Danson hakucheka. Miaka yote hii alidhani ameua injini.

Usidhani alikimbilia Chara. Alikuwa Danson yule yule. Kwanza alitafuta njia ya kupita pembeni. Akampigia simu mtu wa Mombasa, na mtu wa Mombasa akatafuta wiki nzima katika maduka ya vipuri vya zamani, akapata pistoni yenyewe, ya milimita arobaini, inayoenea ndani ya kikombe cha kahawa, pamoja na ringi zake na silinda iliyotumika lakini nzima. Ikaja na basi. Danson akaifunga kwenye gazeti. Nitampelekea, alisema moyoni. Nitaifunga mwenyewe, bure, iwake, apande, atafurahi, ataichana ile barua. Hakutakuwa na haja ya maneno. Mkewe, Kache, alimtazama akivaa shati la kanisa siku ya Jumatano akauliza anakwenda kuzika nani.

Job alimpeleka mpaka ukingoni, akavushwa kwa mtumbwi, akatembea kilichobaki. Sista Pauline alikuwa nyumbani kwake karibu na zahanati, ameketi barazani, sare ya kazi mwilini, anakula muhogo wa mchana. Alikuwa amepungua. Pikipiki ile ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa mkeka.

"Hodi, Sista."

"Karibu! Fundi Danson! Leo mto umetuletea mgeni. Keti, keti ule."

Akaketi, akaulizwa habari za Kache, za watoto, za bei ya ng'ombe, akajibu zote. Kisha akafungua gazeti. "Nimekuletea pistoni. Nitaifunga leo leo. Hutatoa hata senti."

Pauline akaichukua, akaigeuza kiganjani. Akaitazama kwa upendo hasa. Halafu akamrudishia. "Mungu akubariki. Lakini rudi nayo, fundi. Ukishaiwasha, nani ataikumbukia oili?"

"Wewe, Sista."

"Mimi?" Akacheka kicheko kisichofika popote. "Fundi, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ile nilikuwa sijalala, mama mmoja alijifungua mapacha. Lakini nakumbuka nilitia oili. Nakumbuka! Nakiona kichupa mkononi, naiona oili inashuka kwenye dumu, nakumbuka hata mwana wa jirani alinisalimia nikitikisa. Halafu nafungua tangi, petroli nyeupe. Wewe ulisafisha kabureta tu, na moshi wa kuja nikasema ni wa oili ya jana. Basi macho yangu yalinidanganya. Na kama yalinidanganya pale, yananidanganya wapi kwingine? Tangu siku hiyo nikivuta dawa kwenye sindano najiuliza nimevuta ngapi. Naisoma chupa mara tatu, halafu namwita Mwanasiti, binti wa juzi tu kazini, naye aisome. Akina mama wananitazama. Mkono unanitetemeka, fundi, na watoto ni wadogo. Barua hiyo hapo, kesho inakwenda."

Barua ilikuwa mezani, imekandamizwa kwa kikombe. Danson aliitazama. Alikuwa na nafasi bado. Angeweza kusema pole, akala muhogo, akarudi na pistoni yake. Aliona aibu, na hiyo aibu haikuwa tena ya kuchekwa stendi.

"Sista, hukusahau."

"Usinibembeleze, baba."

"Sikubembelezi. Ulitia. Mimi ndiye niliyeimwaga. Nilidhani ni uchafu. Nikaimwaga yote mtaroni, nikatia petroli tupu."

Pauline akasukuma sahani ya muhogo kando. Kisha akauliza polepole, kama anavyomuuliza mgonjwa, "Ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Inateleza."

"Kijani," alirudia. "Ya kwangu ilikuwa ya kijani." Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama kana kwamba amerudishiwa. "Basi nilitia. Danson, nilitia! Nilitia oili!" Akalia. Alilia kwa sauti mpaka kuku wakaondoka barazani, na Danson hakujua pa kutazama.

Alipokwisha kulia alijifuta kwa kitambaa cha kichwa, na uso uliotoka humo ulikuwa mwingine.

"Umejua lini?"

"Baadaye, Sista."

"Baadaye lini?"

"Baadaye tu."

Akaitoa ile barua chini ya kikombe, akaigeuza upande mtupu, akamsukumia pamoja na kalamu. "Andika. Siku nikianza tena kujitilia shaka, nataka niwe na kitu cha kusoma."

Danson akaandika, taratibu, kwa herufi zake kubwa za darasa la sita: Mimi Danson Buya, fundi wa pikipiki Garsen, nilimwaga petroli ya Sista Pauline iliyokuwa na oili nikatia isiyo na oili. Injini ikafa. Yeye hakusahau. Kosa ni langu. Akatia sahihi, akavuta pumzi. Alihisi ametua mzigo.

Pauline akaisoma yote, akairudisha mezani.

"Hujamaliza. Hili la kumwaga ni la mtu asiyejua, nimekusamehe ulipokuwa unaandika. Andika na lile jingine."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Mtu alipita njiani akasalimu, na hakuna aliyemwitikia. Mwishowe Danson akaandika chini ya sahihi yake: Nilijua mwezi wa kumi mwaka ule ule. Nilinyamaza miaka minne kwa ajili ya jina langu.

Pauline akausoma mstari huo kwa sauti, kisha akausoma tena kimoyomoyo. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa sare yake, akavaa viatu. Ilikuwa siku ya chanjo, na akina mama walikwisha kujipanga na watoto wao nje ya zahanati.

"Na hilo la pili, Sista," Danson aliuliza, amesimama na gazeti lake mkononi, "unanisamehe?"

Pauline alikuwa ameshashuka barazani. "Sijui, fundi," alisema. "Niache kwanza niende kazini."